Orodha ya Kura za Bao

Kazi yangu ya mshahara ni kufundisha Kiswahili sekondari. Kazi yangu ya moyoni ni kufuta.

Ipo kamusi elezo moja ya Kiswahili mtandaoni ambayo mtu yeyote mwenye simu, bando na kiherehere anaweza kuingia akaandika anachotaka. Bando huisha na simu huzima, lakini kiherehere sijaona kikipungua, kwa hiyo lazima wawepo na watu wa kusafisha. Mimi ni mmoja wao. Silipwi, sikuajiriwa, na kusema kweli hakuna aliyeniomba. Nilianza siku nilipokuta makala inayosema kwamba wanyamapori wa Serengeti ni pamoja na punda wa kubebea maji. Nikamtoa yule punda, nikapata raha ambayo sijawahi kuipata kwenye kusahihisha insha. Tangu hapo nimekolea.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukiona makala haifai, unabandika tangazo juu yake kwamba inapendekezwa ifutwe, unaeleza sababu, watu wanabishana wiki moja, kisha mkabidhi anaamua. Mkabidhi ni mmoja wa wale wachache waliopewa funguo. Mimi funguo sina. Mimi ni yule anayesimama mlangoni na kuuliza, "Na huyu naye vipi?" Mkabidhi ninayefanya naye kazi sana simjui sura wala sauti. Najua tu kwamba anaishi nchi ya baridi, Kiswahili alijifunzia ukubwani, na anakiandika kwa usahihi unaokera. Sijawahi kumkamata hata kwenye mkato.

Sasa mwaka ninaousimulia tulivamiwa na orodha za michezo. Ingekuwa mpira tungeelewana. Hii ilikuwa michezo ya kompyuta. Mtu fulani aligundua kwamba ukichukua orodha ya Kiingereza ukaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, unapata makala nzima kabla chai haijapoa. Basi zikaja. Orodha ya panga za kichawi. Orodha ya samaki wanaovuliwa ndani ya mchezo wa kilimo. Orodha ya kofia za mhusika mmoja ambaye ni uyoga. Orodha ya milango isiyofunguka, na hii ilikuwa ndefu kuliko makala yetu ya Ziwa Viktoria. Kwenye orodha ya panga kulikuwa na upanga uitwao Mla Roho Daraja la Pili, na maelezo yake yanasema "unaongeza uharibifu kwa adui wakati wa kuzaa upya". Chai ilinipalia. Nilipomaliza kukohoa nikabandika tangazo.

Mkabidhi hakuwa mkali kama mimi. Yeye alitaka kanuni. Alisema hatuwezi kufuta kitu kwa sababu tu kinanichekesha. Tukabishana wiki tatu nzima: je, orodha ya wahusika wa mchezo inafaa lakini orodha ya kofia zao haifai? Na mchezo ukipendwa na dunia nzima, kofia nazo zinapanda cheo? Watu wazima, wenye kazi zao, tulikaa tukajadili kofia za uyoga kwa lugha ya bungeni. Mwishowe tukapitisha kanuni, na niseme wazi kwamba niliiandika mimi: orodha yoyote ya mambo ya ndani ya mchezo inabaki tu kama ina chanzo kilichochapishwa, kilichoandikwa na mtu asiyehusika na mchezo huo. Hakuna chanzo, hakuna orodha. Nikaongeza na swali langu mwenyewe, ambalo halikuwa kanuni ila nililibandika kila mahali: "Ikifutwa leo, nani atalia?"

Hakuna aliyezililia zile kofia. Zilikwenda, panga zikafuata, samaki wakafuata. Nikajiona jembe.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha uani kule Nyarero, kwa mama mmoja wa Kikurya mwenye miaka sabini na kitu. Mimi kwetu Kilosa. Serikali ndiyo iliyonileta Mara, na mama yule ndiye aliyenifanya niache kuandika barua za kuomba uhamisho. Alinipa chumba, ndizi za shambani kwake, na ushauri kuhusu kila kitu ikiwemo nywele zangu. Aliniita mwarimu. Wakurya wengi wa rika lake hawana shida na L kwa sababu hawana haja nayo. R inafanya kazi zote mbili. Shure, chakura, kurara, na maisha yanaendelea. Darasani naizungushia wino mwekundu. Nyumbani niliizoea hivi kwamba siku moja nilijikuta namuuliza kama chakura kimeiva, akanitazama kwa upendo mkubwa.

Mume wake, mzee mzaliwa wa Nyanungu, alipata kiharusi mwaka mmoja kabla sijafika pale. Mkono wa kulia ulirudi kidogo kidogo. Maneno hayakurudi. Alikuwa anaelewa kila kitu, anacheka penye kuchekesha, ananikazia macho nikipita bila kumwamkia, lakini akifungua mdomo hutoka "e, e" tu. Isipokuwa jioni. Kila jioni kabla ya chakula, binti yao, muuguzi aliyepangiwa kazi Songea, alipiga simu. Mama aliiweka sauti ya juu, na kupitia ukutani nilisikia binti anasema kitu, baba anajibu kitu, binti anasema, baba anajibu, mpaka mwisho, kisha wote watatu wanacheka. Sikuyasikia maneno yenyewe. Niliamini ni sala. Nikasema hawa ni watu wa dini, nikawa napunguza redio.

Mama alikuwa ananikuta uani nimeinamia simu kila Jumamosi. Siku moja akauliza nafanya nini humo. Nikamweleza kwa majivuno yote ya mtu ambaye hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza.

"Mama, kitu kikiingia humu hakipotei. Simu itaibwa, daftari litaliwa na mchwa, lakini humu kinakaa. Mtu wa Songea anakiona, wa Ulaya anakiona."

"Hata mimi naweza kuweka kitu?"

"Hata wewe."

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Kwa kuwa herufi ndogo zinamsumbua macho, nikamwonyesha na alama ya kipaza sauti: ukiigusa unaongea, simu inaandika yenyewe. Akajaribu kwa kutaja majina ya wanawe, yakajiandika moja moja, akaigeuza simu nyuma aone kuna nani. Tukacheka. Kisha mimi nikasahau kabisa habari hiyo.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi asubuhi, nikakuta makala iliyokuwa imenipita kwa wiki kadhaa, inaitwa "Orodha ya kura za bao". Mwandishi hakujiandikisha, penye jina palikuwa na tarakimu tu. Nikafungua. Hakuna nukta, hakuna mkato, hakuna chanzo, aya moja kuanzia juu mpaka chini. Ilianza hivi:

"Kura ya kwanza zizi tupu anayeipata anachukua zote kura ya pili mkwe kafika anayeipata anachukua nne anaacha moja kura ya tatu askari kalala anayeipata anapita mbele anarudi anachukua za nyuma"

Ikaendelea hivyo mpaka kura ya ishirini na tatu, Fisi wa Mchana, ambayo anayeipata "mwenzake anaaga anaondoka".

Kura. Anayeipata anachukua zote. Mimi simu yangu kila siku inaingiza ujumbe wa kuniambia nimebahatika, nikipiga namba fulani nitakuwa tajiri. Nikasema haya, watu wa bahati nasibu wamefika mpaka kwenye kamusi elezo. Nikabandika tangazo: "Kamari iliyojificha kwenye jina la mchezo. Haina chanzo hata kimoja. Ifutwe. Ikifutwa leo, nani atalia?"

Kesho yake, chini ya maneno yangu, palikuwa na jibu la neno moja kutoka tarakimu zile zile: "Mimi."

Nilicheka. Naona haya kuliandika hili, lakini nilicheka kwa sauti, pale pale uani, mpaka mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mjinga mmoja huku kwenye simu. Nikajibu: "Basi kalie pembeni."

Hakuna mwingine aliyekuja kuitetea. Wiki ilipoisha, mkabidhi akaifuta kwa kunukuu kanuni yangu, kifungu kwa kifungu.

Jioni ile simu ya Songea iliita kama kawaida, lakini haikudumu. Nilisikia binti anaongea, mama anaongea, baba hakusikika. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu binti alijaribu kusema kitu, akasita, akajaribu kingine, na mzee akatoa sauti ya hasira ambayo sikuwahi kuisikia, kisha kitu kikaanguka. Nikawaza labda wamegombana. Mambo ya familia, sikuingia.

Siku ya nne mama akabisha mlangoni kwangu. Hakuwa na kawaida ya kubisha. Kawaida yake ni kuniita akiwa bado katikati ya uwanja.

"Mwarimu, kire kitu chako kimepotea."

"Kitu gani, mama?"

Akanipa simu. Ilikuwa na maandishi ninayoyajua vizuri kuliko jina langu: ukurasa huu umefutwa. Chini yake, sababu. Chini ya sababu, kiungo cha majadiliano. Nikabonyeza, nikajikuta natazama maneno yangu mwenyewe. Kamari iliyojificha. Nani atalia. Kalie pembeni. Jina ninalotumia mule si langu la kuzaliwa, kwa hiyo mama hakujua.

"Wewe si unawafahamu wenyewe," akasema. "Waulize wameipereka wapi."

"Mama, hii ni orodha ya nini?"

"Ya kura."

"Kura za kupiga?"

"Za kupiga za nini? Kura. Kura kete." Akachota hewa kwa vidole vitano, akaipeleka mdomoni.

Kula. Kula kete. Mungu wangu.

Mimi, niliyesahihisha "chakura" kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa miaka sita, nimeshindwa kuiona ile R iliponiangalia usoni. Mama alisema "kura" kwenye kipaza sauti kama anavyoisema siku zote, na simu, ambayo haijui watu wa Nyarero, ikaandika ilichosikia. Ingekuwa neno lisilokuwepo ingejisahihisha. Bahati mbaya kura ni neno halali, wala simu haikuwa na sababu ya kusita. Mimi nilikuwa nayo.

Akanieleza mengine amesimama mlangoni, maana nilisahau kumkaribisha. Mzee alijifunza bao akiwa mchungaji wa ng'ombe kule Nyanungu, si bao la pwani, bao lao la safu mbili. Kila namna ya kula kete za mwenzako ilikuwa na jina lake. Mengine aliyakuta huko machungani, mengine aliyatunga. Aliwafundisha wanawe wote kwa mpangilio mmoja, la kwanza mpaka la ishirini na tatu, kama watu wengine wanavyofundisha wanao kuhesabu. Alipopata kiharusi yale majina ndiyo pekee yaliyobaki mdomoni, na yenyewe yalitoka kwa namna moja tu: ukimtajia moja, yeye anataja linalofuata. Ukikosea mpangilio anashikwa na hasira na kufunga mdomo. Mama alichukua miezi mitatu kuyakusanya, siku nyingine anapata mawili, siku nyingine hapati kitu. Watoto walikuwa wameshasahau mpangilio, ndiyo maana binti wa Songea alikuwa anayasoma humo humo kila jioni. Yeye mwenyewe anaanza kusahau vitu, alisema, jana ametia chumvi mara mbili. Muuguzi wa kliniki alikuwa amewaonya: mzee aongeleshwe kila siku, hicho kidogo alicho nacho kikikatika huenda kisirudi.

"Hukuandika mahali pengine, mama? Kwenye karatasi?"

"Si urisema humo hakipotei."

Nikamwambia nitaangalia. Ndivyo nilivyomwambia, nitaangalia, kama karani. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani na simu mkononi, sikuwa na ujasiri hata wa kuiwasha.

Asubuhi kabla ya kwenda shule nikamfuata jikoni. Alikuwa anakoroga uji.

"Mama, shikamoo. Aliyesema ile orodha ifutwe ni mimi."

Aliendelea kukoroga. Uji ukachemka, akautoa motoni, akaufunika, akafuta mikono.

"Kwa hiyo ariyeniambia nikarie pembeni ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Niriria," akasema. "Hapa hapa. Wewe uko nje hapo unacheka."

Akanimiminia uji kama siku zote, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Nilipofika mlangoni akaongeza neno moja tu: "Rudisha."

Nikaenda kwa mkabidhi kwa magoti. Nikaeleza habari ya L na R, nikaeleza kwamba si kamari, nikakiri kwamba nilisoma kwa haraka na kwa dharau. Akajibu kwa ile sarufi yake iliyopigwa pasi: amelielewa kosa la herufi na ananipongeza kwa kulikiri, ila sababu ya pili ya kufuta ilikuwa ukosefu wa chanzo, na hiyo haijabadilika. Je, nina kitabu? Je, kuna mtu asiyehusika aliyeandika habari za majina haya? Akaniwekea na kiungo cha kanuni endapo nimeisahau.

Nilimchukia yule mtu kwa siku mbili. Shida ilikuwa kwamba ana haki. Angekuwa mimi, ningejibu hivyo hivyo, tena bila heshima.

Nikatafuta chanzo. Nikauliza kila mwalimu mzawa, nikapekua kabati la maktaba ya shule lenye vitabu vya kemia vya enzi za bibi yangu. Afisa mmoja wa mambo ya utamaduni aliniambia jambo hili ni zuri sana na kwamba nikishaipata orodha kamili nimpelekee nakala. Nikawaza kudanganya: naiandika kwenye gazeti la ukutani la shule, nalipiga picha, kisha nalitaja kama chanzo kilichochapishwa. Kichwa cha habari nilikuwa nimeshakitunga. Lakini kanuni ilisema mtu asiyehusika, na mimi nilikuwa nimehusika mpaka shingoni.

Mwishowe nikafanya jambo nililowahi kuwacheka wengine kwa kulifanya. Niliomba kanuni ibadilishwe. Nikapendekeza kwamba michezo ya jadi ambayo wachezaji wake hawakuwahi kuiandika popote, orodha zake zibaki, zibandikwe juu onyo kwamba hazina vyanzo, mpaka mtu atakapovipata. Watu wakaja. Mmoja akauliza ni nani aliyeandika kanuni ya kibabe namna hii. Nikajibu: mimi. Kisha wale wa kofia wakasikia harufu, wakaibuka kudai kwamba uyoga nao una mila zake. Nikawajibu kwamba uyoga una kampuni, una wanasheria na una vitabu vyenye picha za rangi, uende ukalie huko. Nilifuta maneno hayo ya mwisho kabla ya kutuma. Nilishajifunza kidogo.

Tulibishana siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mkabidhi akairudisha, akiwa ameweka nukta na mikato yote, na akabadilisha kichwa kikawa "Orodha ya namna za kula kete katika bao la Nyanungu". Nikakimbia na simu mpaka kwa mama. Akasoma polepole.

"Mbona jina refu hivi?"

"Ndiyo Kiswahili sanifu, mama."

"Haya," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akaniambia nywele zangu zimekaa vibaya.

Jioni nikaalikwa ndani. Binti akapiga kutoka Songea, sauti yake imejaa furaha. "Baba, Zizi Tupu."

Mzee akaitazama simu.

"Baba? Zizi Tupu."

Hakuna. Aligeuza uso ukutani. Binti akasema tena, na tena, mpaka mama akaichukua simu akatoka nayo nje. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu mzee alipoisikia simu inaita alijifunika shuka mpaka kichwani. Hata ile "e, e" yake ikawa haba. Nilihesabu: wiki moja ya tangazo, nyingine tatu za kimya, na yote kwa sababu mwalimu wa Kiswahili alitaka kuchekesha watu asiowajua. Niliogopa. Orodha ilikuwa imerudi na mwenyewe hayupo.

Jumapili baada ya kanisa mama akalitoa bao lenyewe uvunguni, akalipangusa kwa kanga, akaliweka kwenye stuli katikati yangu na mzee.

"Cheza naye," akaniambia. "Mimi ananichoka."

"Mama, mimi bao silijui."

"Ndiyo vizuri."

Kisha akamwambia mzee maneno marefu kwa Kikurya. Nilichokishika ni "mwarimu" na neno la simu, na kidole chake kilichoninyooshea mara mbili. Mzee akageuka akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu sana, kuanzia nywele mpaka viatu. Nikajua ameambiwa yote.

Akaanza kuninyoa. Sijui neno jingine. Mkono wake ulikuwa mzito, kete zilimdondoka, mama alikuwa anaziokota na kuzirudisha anapoonyeshwa kwa kidevu, lakini akili ilikuwa inakimbia. Mchezo wa kwanza niliisha kabla sijaelewa zamu ni ya nani. Wa pili hivyo hivyo. Hakutaja jina hata moja, na mama, ambaye alikuwa pembeni anachambua maharage, alikuwa anayasubiri. Mikono yake ilitulia kila kete zilipoliwa, kisha ikaendelea.

Mchezo wa tatu nilijitahidi. Nilikuwa na rundo zuri upande wangu, nimelipanga mwenyewe shimo baada ya shimo, najisifu kimoyomoyo. Mzee akalitazama lile rundo. Akachukua kete za shimo moja la nyuma, akazisambaza, akazunguka, akanifuata huku na huku, na alipomaliza upande wangu haukuwa na kete hata moja. Palikuwa peupe.

Mdomo wake ukaanza kuhangaika. Ukafunguka, ukafunga, ukafunguka.

"Mwarimu," akasema. Akapumua. "Mwarimu kafuta."

Mama aliacha maharage.

"Hiro harimo," akasema taratibu.

Mzee akaonyesha upande wangu mtupu kwa kidole chake kizito, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Mwarimu kafuta," na akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, machozi yanamtoka, na mama akacheka huku analia huku ameshika kifua, na mimi nililia tu. Lilikuwa neno jipya. Tangu kiharusi hakuwahi kusema kitu ambacho hakuwa nacho kabla.

Jioni binti alipopiga, hakuna aliyemwambia kitu. "Baba, Zizi Tupu," akasema kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa.

"Mkwe Kafika," akasema mzee.

Kutoka Songea tukasikia anavuta kamasi, kisha akasema Askari Kalala, na baba yake akajibu, wakaenda hivyo, mmoja yeye mmoja mzee, mpaka binti akafika kwenye Fisi wa Mchana ambayo ndiyo mwisho.

"Mwarimu Kafuta," akasema mzee.

"Mama? Hilo lipi tena? Hapa kwangu halipo."

"Ritakuwepo," akasema mama. "Mwarimu yuko hapa, anariandika."

Nikaliandika. La ishirini na nne, Mwalimu Kafuta: anayeipata anamsafisha mwenzake kete zote alizojipangia kwa majivuno.

Asubuhi nilipofungua simu mkabidhi alikuwa ameshaliondoa. Ameacha ujumbe wa upole, wenye mikato yote: orodha tumekubaliana ibaki, lakini jina hili limeongezwa jana na halikuwemo kwenye maandishi ya awali. Halina chanzo chochote. Linatoka wapi?

Nikalirudisha. Kwenye nafasi ya chanzo nikaandika: "Nilikuwepo. Aliyeliwa ni mimi."